Ikoni za kompyuta kubwa mno au ndogo mno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoleta mashini zao kwenye bureautique yetu hapa Lubumbashi: wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wenye TFC, kazi yao ya kumaliza masomo, mkononi, makarani, walimu, wastaafu wa Gécamines wanaoandika barua zao wenyewe. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwenye skrini za wengi. Mwenye mashini ya Kiingereza asome swali la 3 kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Nabadilishaje ukubwa wa ikoni za Bureau, yaani skrini ya kwanza ya kompyuta?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na D ili madirisha yote yashuke. Kisha bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, pasipo na ikoni. Kwenye orodha inayofunguka chagua «Affichage», halafu «Grandes icônes», «Icônes moyennes» au «Petites icônes». Badiliko linaonekana papo hapo, hakuna pa kuthibitisha, na ukijuta unarudi kwa njia ileile.

Wengi hukwama kwenye neno «patupu». Ukibofya juu ya ikoni, orodha inayokuja ni ya faili hiyo, yenye «Ouvrir», «Copier» na «Supprimer», na «Affichage» huikuti. Bureau ikijaa kabisa, tafuta nafasi kati ya ikoni mbili, au tumia njia za swali la 2.

Kwa wanaopenda vipimo: kubwa ni pikseli 96 kwa upande, ya kati 48, ndogo 32. Mashini mpya huanza na ya kati.

2. Hakuna njia ya haraka zaidi?

Ipo, na ndiyo ninayowafundisha watu wote. Bofya mara moja mahali patupu kwenye Bureau, shikilia Ctrl, zungusha gurudumu la kipanya. Mbele ikoni zinakua, nyuma zinapungua. Faida yake ni kwamba hufungwi na saizi tatu za menyu. Unasimama pale macho yako yanaporidhika. Kwenye laptopu isiyo na kipanya, shikilia Ctrl na uburute vidole viwili kwenye kibao cha kugusa.

Kipanya kikiwa kimekufa, tumia kibodi pekee: Windows na D, kisha Ctrl + Shift + 2 kwa kubwa, 3 kwa za kati, 4 kwa ndogo. Ctrl + Shift + 1 inaleta saizi ya ajabu, pikseli 256, ambapo ikoni chache tu zinajaza skrini nzima. Nambari ni zile za mstari wa juu wa kibodi, hata kwenye AZERTY, kibodi ya Kifaransa.

3. Mashini yangu imetoka Afrika Kusini, kila kitu ni Kiingereza. Nifuate nini?

Fuata nafasi, usifuate neno. Kwenye Windows 10 na 11, ukibofya kulia mahali patupu, «Affichage» kwa kawaida ndio mstari wa juu kabisa kwa lugha yoyote. Ukiufungua, mistari mitatu ya kwanza ni kubwa, kati, ndogo, kwa mpangilio huohuo. Mashini zinazoingia kwa Kasumbalesa au kutoka Dubai nyingi zina kibodi ya QWERTY pia, lakini vitufe vya swali la 2 vinafanya kazi vilevile.

4. Bado niko na Windows 7. Njia ni hizihizi?

Ndiyo, menyu na gurudumu vyote vipo. Lakini ujue Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo ilifika mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukubwa wa ikoni hauna hatari yoyote. Hatari iko kwenye flash za watu unazochomeka kila siku.

5. Nikipunguza ikoni, faili zangu zitapungua au kupotea?

Hapana. Ikoni ni picha tu ya faili. TFC yako ya kurasa 60 inabaki na kurasa 60, ikoni iwe na pikseli 32 au 256.

Hapo hapo niseme jambo linalonisumbua zaidi ya ukubwa. Ikoni yenye mshale mdogo kwenye kona ya chini ni njia ya mkato. Ukiifuta, programu haifutiki. Isiyo na mshale ni faili au folda yenyewe. Ukiifuta, kazi yako imekwenda kwenye «Corbeille». Na vyote vilivyo kwenye Bureau kwa kawaida vinakaa kwenye diski C, ileile ambayo fundi hufuta anapoformati. Mwanafunzi anayeweka mémoire nzima kwenye Bureau bila nakala kwingine anaweza kuipoteza kwa siku moja. Weka nakala kwenye flash leo.

## Kuona vizuri

6. Nimekuza ikoni, lakini maandishi chini yake yamebaki madogo. Kwa nini?

Kwa sababu «Affichage» hugusa picha peke yake. Jina la faili lina saizi yake, nayo hubadilishwa kwingine. Kwenye Windows 11 fungua «Paramètres» (Windows + I), «Accessibilité», kisha «Taille du texte». Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa «Options d'ergonomie». Kuna kitelezi kinachotoka 100% hadi 225%. Kisogeze, tazama mfano ulioandikwa juu yake, kisha bonyeza «Appliquer» na usubiri kidogo. Maandishi yatakua kwenye menyu na kwenye vichwa vya madirisha pia.

7. Ukubwa wa ikoni, «mise à l'échelle» na «résolution» vinatofautianaje?

Hili ndilo swali ambalo likieleweka, nusu ya ukurasa huu haina kazi tena.

Ukubwa wa ikoni unahusu Bureau tu. Ukifungua Word au Chrome, hakuna kilichobadilika.

«Mise à l'échelle» inakuza kila kitu kwa pamoja: ikoni, maandishi, vitufe, madirisha. Inapatikana kwenye «Paramètres», «Système», «Affichage», na chaguo zake ni 100%, 125%, 150% na kuendelea kutegemea skrini. Picha inabaki kali kwa sababu Windows inachora upya kila kitu kwa saizi mpya. Windows 7 inayo pia, kwenye «Panneau de configuration», ikiwa na 100, 125 na 150.

«Résolution» ni idadi ya nukta ambazo skrini inachora, kwa mfano 1366 × 768 au 1920 × 1080. Skrini ya laptopu imetengenezwa na idadi moja tu, ile yenye neno «recommandé» mbele yake. Ukiipunguza, vitu vinakuwa vikubwa kweli, lakini kwa gharama mbaya: herufi zinakuwa na ukungu, na wakati mwingine picha inavutwa pembeni hadi uso wa mtu unakuwa mpana. Mashine nyingi zinazofika hapa na malalamiko ya «skrini imeharibika» zina skrini isiyo na kasoro yoyote. Kuna aliyepunguza résolution akitafuta ikoni kubwa.

Msimamo wangu ni huu: résolution iache kwenye «recommandé» siku zote. Ukitaka vikubwa kwenye Bureau peke yake, nenda swali la 2. Ukitaka vikubwa kila mahali, gusa échelle.

8. Laptopu yangu mpya ina skrini nzuri kuliko ya zamani, mbona ikoni ni ndogo zaidi?

Kwa sababu nukta zake zimebanana zaidi. Chukua skrini ya inchi 15.6 yenye 1366 × 768: ina nukta kama 100 kwa kila inchi, hivyo ikoni ya pikseli 48 inapimwa milimita 12 hivi. Sasa chukua inchi 14 yenye 1920 × 1080: nukta 157 kwa inchi, na ikoni ileile inakuwa milimita 8 tu. Pikseli hazikupungua, zimekuwa ndogo zenyewe. Weka échelle 125% au 150% na utapata ukubwa uliouzoea, tena kwa herufi kali kuliko za mashini ya zamani.

9. Baba yangu ni mzee, haoni vizuri. Nimpangie nini?

Anza na échelle ya 150%. Kisha ongeza «Taille du texte» hadi asome jina la faili akiwa ameegemea kiti, bila kuinamia skrini. Mwisho weka «Grandes icônes», na uache kwenye Bureau zile anazotumia tu: barua zake, picha, mtandao. Ikoni sita kubwa zilizo wazi zinamfaa kuliko arobaini zilizorundikana.

Fanya hayo yeye akiwa ameketi mbele ya mashini, maana macho yatakayosoma ni yake. Na badala ya picha ya familia nyuma ya ikoni, mwombe akubali rangi moja iliyotulia; majina meupe juu ya shati jeupe la mjukuu hayasomeki kwa saizi yoyote. Picha hiyo ichapishwe, itundikwe ukutani.

Akihitaji zaidi ya hapo, soma habari za Loupe, kikuza-skrini cha Windows, kwenye swali la 11.

10. Naweza kuandika asilimia yangu mwenyewe kwenye échelle?

Ndiyo, kwenye «Mise à l'échelle personnalisée», kuanzia 100 hadi 500. Inaanza kazi baada ya kutoka kwenye akaunti na kuingia tena. Nenda polepole: ukiweka nambari kubwa sana, dirisha la kurekebishia litazidi skrini na kitufe cha kurudisha utakitafuta kwa Tab. Mimi sivuki 175 kwenye laptopu ya kawaida.

## Mambo yanayobadilika yenyewe

11. Ikoni zimekua ghafla na sikugusa kitu. Ni virusi?

Karibu kila mara ni mkono wako mwenyewe. Kwenye laptopu nyingi, ukitanua vidole viwili juu ya kibao cha kugusa, Windows inaelewa «kuza», sawasawa na Ctrl pamoja na gurudumu. Kiganja kikipita hapo wakati unaandika, ikoni zinakua. Rudisha kwa swali la 1.

Zikikua kila unapozungusha gurudumu, hata bila kushika Ctrl, basi kitufe cha Ctrl kimenasa. Kiangazi cha hapa, toka Mei hadi Septemba, vumbi jekundu linaingia kila mahali na kibodi hazisalimiki. Zima mashini, igeuze, ipige kidogo, bonyeza vitufe vyote viwili vya Ctrl mara nyingi.

Lakini kama kila kitu kimekuwa kikubwa hata Bureau haionekani yote, na picha inatembea kila unaposogeza kipanya, hiyo ni Loupe, kikuza-skrini cha Windows. Iliwashwa na kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Bonyeza Windows na Échap, itafungwa.

Na kama kilichokua ni ukurasa wa mtandao tu, Ctrl + 0 ndani ya Chrome au Firefox inaurudisha kwenye 100%.

12. Nimeformati mashini, sasa ikoni ni kubwa mno na hazipungui.

Windows haijapata programu ya kuendesha kadi ya picha, ile mafundi wanaiita pilote. Bila hiyo inatumia ya akiba, yenye résolution ya chini, kwa hiyo hata «Petites icônes» zinaonekana nene. Dalili nyingine: chaguo la résolution ni moja tu au limefungwa.

Bofya kulia kitufe cha kuanzia, fungua «Gestionnaire de périphériques», kisha «Cartes graphiques». Jina likiwa la Microsoft badala ya Intel, AMD au Nvidia, ndilo tatizo. Unganisha intaneti na uache Windows Update itafute, au chukua pilote kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashini yako. Inaweza kufika mega mia kadhaa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi kabla ya kumaliza forfait ya simu. Usiichukue kwenye tovuti zinazojaa vitufe vya «Télécharger» vinavyomulika. Huko ndiko virusi vilipo kweli.

13. Kila umeme ukikatika, ikoni zinarudi saizi ya zamani au zinavurugika. Kwa nini?

Kwa sababu Windows huandika mpangilio wa Bureau hasa unapotoka kwa utaratibu. SNEL ikikata na kompyuta ya mezani ikazimika papo hapo, ulichopanga asubuhi huenda hakijaandikwa. Ukimaliza kupanga, chagua «Se déconnecter», kisha ingia tena. Mpangilio umehifadhiwa, delestaji ije ikitaka. Mwenye laptopu yenye betri nzima hana shida hii.

14. Nikichomeka projekta kwenye soutenance (siku ya kutetea TFC), ikoni zote zinahama. Nifanyeje?

Projekta nyingi za zamani zina 1024 × 768. Ukichagua «Dupliquer», laptopu hushushwa hadi saizi hiyo, na ikoni zilizokuwa pembeni zinasukumwa ndani. Ukichomoa, hazirudi zote mahali pake.

Bonyeza Windows na P, chagua «Étendre»: laptopu inabaki na résolution yake na projekta yake. Échelle huwekwa kwa kila skrini peke yake, lakini ukubwa wa ikoni ni mmoja kwa zote. Kisha fungua «Affichage» ya swali la 1 na uondoe alama kwenye «Réorganiser automatiquement les icônes». Acha «Aligner les icônes sur la grille». Hiyo inanyoosha mistari tu.

Jaribu siku moja kabla, kwenye auditoire (ukumbi) yenyewe, na projekta yenyewe. Jury haisubiri.

15. Ikoni zote zimetoweka!

Bofya kulia, «Affichage», rudisha alama kwenye «Afficher les éléments du Bureau». Faili hazikwenda popote.

## Mashini za wengine na mifumo mingine

16. Nikibadilisha kwenye kompyuta ya kazini, nitawaharibia wengine?

Mkiwa na akaunti tofauti, hapana. Kila akaunti ina saizi yake. Mkitumia akaunti moja, ulizana kwanza. Kwenye cyber, mashini nyingi zimewekwa zijirudishe zikiwashwa upya, kwa hiyo usishangae kesho ukikuta ikoni za mwanzo.

17. Kwenye skrini imeandikwa «Activer Windows». Ndiyo inanizuia?

Hapana. Leseni ikikosekana, kinachofungwa ni «Personnalisation», kama picha ya nyuma na rangi. Ukubwa wa ikoni na échelle viko wazi.

18. Na kwenye Mac?

Bofya Bureau, bonyeza Cmd + J. Dirisha dogo linafunguka lenye «Taille des icônes», kitelezi cha 16 hadi 128, na chini yake nafasi kati ya ikoni na saizi ya maandishi. Mac ina hayo matatu mahali pamoja, na natamani Windows ingefanya hivyo. Ikoni za chini, zile za Dock, zina mpangilio wake peke yake.

19. Na Ubuntu?

Fungua «Paramètres», sehemu ya «Apparence», au kwenye matoleo mapya ile yenye jina la Ubuntu. Utakuta saizi ya ikoni za Bureau.

## Kesi ngumu

20. Nimekuza, lakini ikoni moja imebaki ndogo katikati ya nafasi tupu, au ina ukungu.

Ndani ya faili ya ikoni kuna picha kadhaa za saizi mbalimbali: mara nyingi 16, 32, 48 na 256. Programu za zamani, kama zile za uhasibu ambazo baadhi ya maduka bado yanazitumia, hazina hiyo ya 256. Windows haiwezi kubuni kisichokuwepo. Bofya kulia njia ya mkato, «Propriétés», «Changer d'icône», uchague nyingine.

Ikoni zikiwa nyeupe tupu au picha zimechanganyikana, ni kumbukumbu ya ikoni iliyovurugika. Ctrl + Shift + Échap, tafuta «Explorateur Windows», bonyeza «Redémarrer». Skrini itazima kidogo na kurudi.

21. Tangu niweke 150%, programu moja ina herufi zenye ukungu.

Programu hiyo inadhani skrini zote bado zina PPP (nukta kwa inchi) 96, yaani 100%. (125% ni PPP 120, 150% ni 144.) Windows inaichora ndogo kisha inaivuta. Bofya kulia ikoni yake, «Propriétés», «Compatibilité», «Modifier les paramètres PPP élevés», uweke alama kwenye chaguo la chini na ujaribu. Ikitoka ndogo sana lakini kali, amua mwenyewe unachovumilia.

22. Fundi anataka pesa kwa kunibadilishia saizi ya ikoni. Ni halali?

Kwa swali la 12, ndiyo, kuna kazi na kuna mega alizotumia. Kwa maswali ya 1 hadi 11, usitoe hata franka mia. Mwombe akuonyeshe, na wewe ndiye ubonyeze.

23. Ikoni ni sawa, lakini zimeachana mno. Naweza kuzikaribisha?

Ndiyo, ila hakuna menyu yake kwenye Windows 10 na 11. Bonyeza Windows + R, andika regedit, nenda HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop\WindowMetrics. Kabla ya kugusa chochote chagua «Fichier», «Exporter», uhifadhi nakala ya folda hiyo.

Humo kuna IconSpacing kwa upana na IconVerticalSpacing kwa urefu, zote kwa kawaida -1125. Nambari ni hasi, na kila pikseli ni -15, kwa hiyo -1125 ni pikseli 75. Mipaka ni -480 hadi -2730. Kwa ikoni za kati, -900 inakaribisha vizuri bila majina kugongana. Toka kwenye akaunti, ingia tena. Yasipokupendeza, bofya mara mbili ile nakala uliyohifadhi, kisha toka na uingie mara nyingine.